Raki ya seva ya kuhamahama: RCD inakatika, fundi kasema tukate eathi, ni sawa?

Swali: Habari za kazi mhandisi. Sisi tupo Mwanza, tuna raki (kabati la chuma la kufungia vifaa vya kompyuta) ndogo ya magurudumu, ndani ina seva tatu, storeji moja, swichi mbili za mtandao na UPS (boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika) ya 6 kVA. Tunazunguka nayo wilayani kwa ajili ya mafunzo, tunafikia kwenye kumbi za shule na tunachomeka soketi ya kawaida ya ukutani kwa ekstensheni ile ya kuviringisha. Shida ni mbili: plagi inapata moto mpaka plastiki imeanza kubadilika rangi, na kumbi zingine RCD (kile kifaa cha kwenye bodi ya breka kinachokata umeme ukivuja) inakatika kila tukiwasha. Fundi mmoja katuambia tukate waya wa eathi kwenye plagi, tumekata na kweli haikatiki tena, ila ukigusa chuma cha raki unasikia kama unatekenywa. Tuendelee hivyo? Na kwenye jenereta tufanyeje?

Jibu: Msiendelee ndugu yangu. Kama hiyo raki iko kwenye umeme muda huu naomba mzime kwanza alafu ndo uendelee kusoma, mana hicho unachokiita kutekenywa ni umeme unapita mwilini mwako kwenda chini.

Nianze na eathi kwa sababu ndo inayoua. Kila pawa saplai ya seva ina kichujio cha kelele ndani yake na hicho kichujio kwa kawaida kinavujisha umeme kidogo kwenda kwenye waya wa eathi, sio ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa. Kiwango kinachoruhusiwa kwa kifaa cha plagi ni mpaka miliampia 3.5, vingi vinavuja kama 1 hivi. Sasa seva tatu zenye pawa saplai mbili mbili, storeji nayo mbili, swichi mbili, hapo una pawa saplai kumi, tuseme miliampia 10. Eathi ikiwepo zote zinashuka kimya kimya na hakuna anayejua. Ukikata ule waya haziendi popote, zinabaki kwenye chuma zikisubiri mtu aguse, na akigusa zote zinapita kwake. Miliampia 10 ndo pale ambapo misuli ya mkono inaanza kujikunja na mtu anashindwa kuachia alichoshika. Na hapo bado hakuna kifaa kibovu, siku waya wa laivu (ule unaoleta umeme) ukichubuka ukagusa chuma basi raki nzima ni volti 230 na hakuna cha kuikata.

Huyo fundi ameondoa dalili akaacha ugonjwa. RCD ya miliampia 30 kwa viwango vyake inaruhusiwa kukatika kuanzia 15 kwenda juu, kwa hiyo raki yenu yenye 10, ukijumlisha friji ya ukumbi na taa na kompyuta zingine kwenye RCD hiyo hiyo, ni rahisi ikatike. Ndo mana sisi kwenye usanifu tunajitahidi uvujaji wa kawaida usizidi asilimia 30 ya RCD, yani miliampia 9 kwa hiyo ya 30. Dawa ni raki ipate laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya breka, isichangie RCD na jiko la chai. Ila kabla ya hapo chomeka kifaa kimoja kimoja moja kwa moja ukutani uone kama kuna kimoja kinachokata peke yake, hicho kina ubovu, usikirudishe kwenye raki mpaka kipimwe.

Alafu kuna jambo watu wengi hawalijui kuhusu RCD. Kumbi nyingi unazofikia eathi yake ni rodi tu imechimbiwa nje ya ukuta, na udongo ukiwa mkavu kupata ukinzani wa ohmu 50 au zaidi ni kawaida kabisa. Piga hesabu: 230 gawanya kwa 50 ni ampia 4.6. Laivu ikigusa chuma zinapita ampia 4.6 tu, breka ya 32 haitashtuka hata kidogo, itaacha chuma kikiwa na umeme siku nzima. Kitu pekee kinachoweza kuona hiyo hali na kukata ni RCD. Kwa hiyo ukifika ukumbi ambao hauna RCD na eathi yake ni ya rodi, hiyo sio bahati, hapo ndo pa kuogopa zaidi. Tembeeni na boksi lenu la usambazaji lenye RCD na breka ndani, ligharamieni hata kabla ya seva ya nne.

Kupima eathi kwa multimita: laivu na nyutro (waya wa kurudisha umeme) isome kama 230, laivu na eathi isome karibu hivyo hivyo, nyutro na eathi isome volti chache tu. Ikisoma 60, 90 au inacheza cheza, eathi haipo au nyutro imelegea, usiwashe. Ila ujue multimita inaweza kukuonyesha 230 hata kwenye eathi mbovu kwa sababu yenyewe haivuti mzigo, kipimo cha uhakika ni ile mita ya kupima lupu, yani njia nzima ya umeme kwenda na kurudi kupitia eathi, fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) anayo au anajua pa kuipata, muiteni apime kumbi mnazorudia rudia. Na kwa ninyi mlio kando ya Ziwa Victoria ambako radi ni nyingi kweli kweli, kinga ya radi ndani ya UPS nayo inategemea eathi hiyo hiyo, bila eathi haina pa kumwaga.

Haya, plagi kupata moto. UPS ya 6 kVA kwa kawaida haiji na plagi ya pini tatu bapa, inakuja na sehemu ya kufunga nyaya kwa skrubu, kwa hiyo nahisi kuna mtu kaiwekea plagi ya 13A. Ikibeba mzigo kamili inavuta zaidi ya ampia 26. Ninyi mzigo wenu nakadiria ni kama wati 2,200, ongeza upotevu wa UPS yenyewe na kuchaji betri umeme ukirudi baada ya kukatika, unafika wati 2,800 hivi, ni ampia 12 masaa kwa masaa. Plagi na soketi ya 13A haipendi hivyo, mi siruhusu zaidi ya 10 kwa mzigo wa kudumu. Na volti ikishuka ndo mbaya zaidi, kwa sababu seva zinataka wati zile zile: kwenye volti 190 hizo wati 2,800 zinakuwa karibu ampia 15. Usitegemee fyuzi ya plagi ikuokoe, ya 13A inaweza kubeba mpaka 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika, plastiki itayeyuka kwanza.

Ekstensheni ya kuviringisha nayo lazima uifungue yote, ikiwa imejizungusha kwenye ngoma joto halina pa kutokea, nyingi zimeandikwa ubavuni ampia za ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa, soma. Hata ikifunguliwa, mita 50 za waya wa 1.5 mm² kwa ampia 12 zinakula kama volti 17 njiani.

Kwa hiyo ingizo la UPS liwekeeni plagi ya komando (ile kubwa ya mviringo ya viwandani) ya bluu ya 32A, kebo ya 6 mm², na kwenye kumbi mnazozoea mfungiwe soketi ya komando yenye breka yake. Ukumbi ambao una soketi za kawaida tu, kodisheni au nunueni UPS mbili ndogo za 2 kVA mgawanye mzigo, kila moja kwenye laini yenye breka tofauti, sio soketi mbili za ukuta mmoja ambazo nyuma ni waya ule ule.

Jenereta. Jenereta nyingi ndogo za kubeba nyutro yake haijaungwa na fremu yake ya chuma wala eathi, inaelea, na ikielea RCD haiwezi kufanya kazi kwa hitilafu ya kwanza kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi. Nyutro iungwe na eathi sehemu moja tu, pale kwenye jenereta, na ifanywe na fundi anayeelewa, mana ukiunga sehemu mbili RCD itaanza kukatika hovyo. Kwa UPS yenu nisingeshuka chini ya 10 kVA. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndo uingize UPS, alafu seva moja baada ya nyingine. Na msithubutu kulisha ukumbi kwa ule waya wenye plagi ncha zote mbili, unapeleka umeme kwenye laini ya TANESCO na kuna fundi anaweza kuwa juu ya nguzo, tumieni swichi ya kubadilishia.

La mwisho ambalo hukuuliza: mkimaliza kazi msichomoe UPS ukutani ikiwa bado inatembea. Ukiichomoa eathi inaondoka lakini soketi zake za nyuma bado zina volti 230 kutoka kwenye betri. Zima seva, zima UPS kwa kitufe chake mpaka taa zife, zima breka, ndo uchomoe. Kama mnasafiri mbali na barabara ni ya makorongo, tenganisha na betri kabisa, na mkifika kazeni skrubu za ingizo la UPS kabla ya kuwasha, mtikisiko unazilegeza na nyutro iliyolegea ndo inaanzaga kuunguza. Hiyo plagi iliyobadilika rangi itupeni pamoja na soketi yake, msiihamishie kwenye kifaa kingine.