Maswali ya Kiwandani: Kipande cha Kwanza Kipimwe Wapi, Lini na Nani?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kuweka ukaguzi wa kipande cha kwanza ndani ya programu ya uzalishaji, ili mashine isiendelee kumwaga mali kabla kipande hicho hakijapimwa na kukubaliwa. Tumechagua tano.

Karakana yetu inakereza shafti za pampu kwa mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta). Tulipohamia kwenye programu, ukaguzi wa kipande cha kwanza tuliuweka mwisho, kabla mali haijaingia stoo. Sasa oda ya shafti 200 imekwama hapo: mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachofunga shafti na gurudumu vizunguke pamoja) una kina pungufu kwenye shafti zote. Hatua hiyo tuihamishie wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Iwekwe mara tu baada ya kila hatua inayozaa kipimo kipya. Ukaguzi wa mwishoni unakuambia hasara ni kiasi gani, lakini hauizuii.

Chukua mpangilio wa kawaida wa shafti: hatua ya 10 kukata chuma, 20 kukereza, 30 kuchonga mfereji wa kii, 40 kukata hesi (meno ya skrubu), 50 kupaka zinki, 60 stoo. Namba huenda kwa makumi ili ubaki na nafasi ya kuchomeka hatua nyingine katikati. Basi chomeka 25 baada ya kukereza, 35 baada ya mfereji na 45 baada ya hesi. Baada ya hatua ya 10 hakuna haja. Urefu wa kipande kilichokatwa kwa msumeno utarekebishwa kwenye kukereza, na opereta mwenyewe anautazama kwa rula.

Kuongeza hatua peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Hatua ya 25 ikiwa ni mstari tu kwenye orodha, opereta atakereza zote 200 kisha ndiyo aibofye. Kinachotakiwa ni programu igawe idadi: hatua ya 20 ifungue kipande 1, isimame, na 199 zifunguke pale tu 25 inapopita. Programu nyingine zina swichi ya kazi hiyo kwenye mpangilio wa hatua. Kama ya kwenu haina, gawanyeni oda yenyewe. Kwenye programu ya Odoo, kwa mfano, ukiandika kwamba umetengeneza 1 kati ya 200, programu inakuuliza kama ikufungulie oda ya baki ya 199. Oda hiyo ya baki ndiyo mnayoiweka kizuizini.

Mambo mawili ya kuongezea. Kwanza, muda wa kupima uandikwe kwenye hatua, hata kama ni dakika 15, la sivyo ratiba itaonyesha mashine inafanya kazi wakati imesimama, na mpanga ratiba atawashinikiza mkaguzi na opereta waruke. Pili, toeni chuma cha vipande 203, si 200. Kipande cha kwanza kikikataliwa na stoo haina akiba, fundi atashawishika kukipitisha.

Na kikikataliwa, fundi arekebishe mashine kisha akereze kipande kingine. Programu iandike jaribio la 2 chini ya jaribio la 1, bila kufuta namba za mwanzo. Msiruhusu kipande kilekile kupimwa tena na tena mpaka kikubali. Majaribio matatu yakishindwa, oda ijifunge na taarifa iende kwa mhandisi.

Fomu yetu ya ukaguzi kwenye programu ina kisanduku kimoja tu cha "Sawa" au "Si sawa". Mteja anataka namba. Kiolezo kizuri kinakuwa na nini?
*Mkaguzi wa ubora, Arusha*

Anza na mchoro, si na kompyuta. Kila kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro kizungushie duara lenye namba: 1, 2, 3, hadi kiishe, pamoja na maelezo ya pembeni kama aina ya chuma na ukali wa uso. Kila duara liwe mstari mmoja kwenye kiolezo, na kila mstari uwe na kiwango cha chini, kiwango cha juu, kifaa cha kupimia na nafasi ya kujaza namba.

Kwa shafti ya milimita 25 yenye alama h6 (msimbo wa kiasi ambacho kipenyo kinaruhusiwa kupungua), mstari wa kwanza unasomeka: chini 24.987, juu 25.000, kifaa maikromita ya 0.001. Msiandike "25 h6" mkamwachia mkaguzi wa zamu atafute jedwali. Kina cha mfereji wa kii cha milimita 4.0 hadi 4.2 ni vigumu kukishika kwa kalipa, ndiyo maana michoro mingi hutoa kipimo cha kutoka sakafu ya mfereji hadi upande wa pili wa shafti: 20.8 hadi 21.0. Andikeni hicho. Upana wa mfereji, 8 P9 (msimbo wa aina hiyohiyo), ni 7.949 hadi 7.985. Hesi ya M16 ndiyo mahali pekee hapa ambapo "Sawa" au "Si sawa" inafaa, kwa sababu geji yake, yenye upande unaopaswa kupita na upande usiopaswa kupita, ama inapita ama haipiti. Lakini iwe mistari miwili, mmoja wa upande wa kupita na mmoja wa upande wa kutopita.

Safu ya kifaa si pambo. Nafasi yote inayoruhusiwa kwenye h6 ya 25 ni 0.013. Kalipa inayosoma kwa hatua za 0.02 haiwezi kuiona nafasi hiyo kabisa, ila mtu akiachiwa achague kifaa atachukua kalipa kwa kuwa iko mfukoni. Programu itake namba ya kifaa, na ikatae kifaa ambacho tarehe yake ya kuhakikiwa imepita.

Nafasi ya namba iachwe wazi. Tumeona violezo vinavyokuja na 25.000 imeshajazwa "kurahisisha kazi". Hapo mkaguzi anapiga kitufe cha kukubali tu. Tazameni pia alama ya desimali. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za Bujumbura au Lubumbashi, husubiri mkato na si nukta. Namba ikiingizwa kwa alama isiyotarajiwa, kuna programu zitakazoikataa na kuna zitakazoisoma 24.987 kama elfu ishirini na nne na zaidi. Weka mipaka ya mbali, tuseme 20 hadi 30, ili namba ya ajabu ikataliwe palepale.

Halafu joto. Chuma hutanuka kiasi cha mikroni 11.5 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Shafti ya 25 iliyotoka mashineni ikiwa na nyuzi 20 kuzidi maikromita inaonekana nene kwa karibu 0.006, yaani karibu nusu ya nafasi yote inayoruhusiwa. Ikisoma 24.990 ikiwa moto, ikipoa itakuwa 24.984 na imeshapungua chini ya kiwango. Joto la rejea kwa vipimo ni nyuzi 20 za Selsiasi, na karakana nyingi za pwani hazilipati. Kwa shafti ya chuma na maikromita ya chuma, la muhimu ni vyote viwili viwe na joto sawa. Ongezeni mstari wa kwanza kabisa kwenye kiolezo: "Kipande kimepozwa na kukaa mezani na kifaa", pamoja na saa kilipowekwa.

Msimamizi anataka ukaguzi wa kipande cha kwanza kila asubuhi. Mkurugenzi anasema ni mara moja tu bidhaa inapoanza. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Kampala*

Wanazungumzia vitu viwili tofauti, na programu yenu imevipa jina moja. Vipeni misimbo miwili.

Wa kwanza ni ukaguzi kamili: vipimo vyote vya mchoro, cheti cha malighafi, kazi maalumu kama kuchomelea na kupaka. Watengenezaji wa vipuri vya ndege hufuata AS9102, kiwango cha ukaguzi wa kipande cha kwanza, yenye fomu tatu: ya kwanza hutambulisha kipande, ya pili hushughulikia malighafi, kazi maalumu na majaribio, ya tatu huorodhesha vipimo kimoja kimoja. Hata kama hamtengenezi vya ndege, mpangilio huo unafaa kuigwa. Hufanywa mwanzoni na kurudiwa kukiwa na badiliko: mchoro, chuma, mashine, kiwanda, zana, programu ya CNC au namna ya kupima, na pia uzalishaji ukisimama kwa miaka miwili. Badiliko likigusa mfereji wa kii tu, unarudia vipimo vilivyoguswa na kuunganisha na ripoti ya zamani.

Wa pili ni ukaguzi wa kutega mashine, yaani kuiandaa kwa kazi. Huu una vipimo vitatu hadi vitano, vile vinavyoweza kuhama: kipenyo, kina, geji ya hesi. Hufanywa kila mashine inapotegwa upya, kisu kinapobadilishwa, zamu inapopokezana, umeme unapokatika katikati ya kazi au mashine inapogonga. Msimamizi ana haki hapo.

Ukaguzi kamili usitegemee kumbukumbu ya mtu. Programu ilinganishe oda mpya na ya mwisho iliyokubaliwa: toleo la mchoro, namba ya mashine, toleo la programu ya CNC, mgavi wa chuma, tarehe. Kimoja kikitofautiana, hatua ya ukaguzi kamili ijiwashe yenyewe. Mtego mkubwa ni kitufe cha kunakili. Mchoro unapotoka toleo A kwenda B, mtu hunakili bidhaa yote, na alama ya "imekaguliwa" inanakiliwa nayo. Ifungeni alama hiyo kwenye toleo, si kwenye bidhaa.

Sisi tunatengeneza vifuniko vya plastiki vya milimita 28, moldi ya kaviti 16 (nafasi 16 za kuumbia vifuniko). Kipande cha kwanza ni kipi hapo?
*Fundi moldi, Dar es Salaam*

Ni vifuniko 16 vya pigo moja (moldi kujazwa plastiki mara moja), kimoja kutoka kila kaviti, na si vya pigo la kwanza. Mapigo ya mwanzo moldi haijapata joto lake, kwa hiyo huenda kusagwa. Subirini uzito wa pigo utulie. Mapigo matano mfululizo yakipishana kidogo sana ni ishara nzuri. Ndipo mchukue.

Kiolezo kiwe na mistari mara 16, kila mmoja na namba ya kaviti iliyochongwa ndani ya kifuniko. Kujaza wastani ni kosa: kaviti ya 7 inaweza kuwa na tundu la kuingizia lililoziba nusu, na wastani ukaificha. Utaratibu wa PPAP (wa kuidhinisha vipuri kabla ya kuzalishwa) wa viwanda vya magari nao unataka vipimo vya kila kaviti.

Tatizo lenu jingine ni kusinyaa. Polipropilini husinyaa kati ya asilimia 1 na 2.5, na sehemu ya kusinyaa huko huendelea baada ya kifuniko kutoka. Kwa hiyo gawanyeni hatua. Ya kwanza mashineni: uzito, kifuniko kisichojaa, plastiki iliyovuja kingoni, kufunga kwenye chupa. Ikipita, mashine inaendelea lakini mali inaingia stoo ikiwa na hadhi ya "kusubiri". Ya pili, vipenyo, baada ya saa 24. Programu ikiwa na hadhi mbili tu, "nzuri" na "mbaya", iongezeni ya tatu kabla hamjafanya lolote.

Zamu ya usiku haina mkaguzi, kwa hiyo opereta hujipimia na kusaini kwa akaunti ya mkaguzi. Pia shafti zetu, za 25 h6 zenye hesi ya M16, zinapakwa zinki na kampuni ya nje, na zikirudi hazipiti kwenye geji. Tufanyeje?
*Msomaji, Sohar, Oman*

La kwanza ni fupi. Nywila ya mkaguzi ibadilishwe leo. Mfundisheni opereta wa mashine ya jirani, apewe haki ya kukubali kipande cha mwenzake lakini si chake. Programu izuie jina moja kuonekana kwenye kutengeneza na kukubali. Kama opereta huyo hayupo, ruhusuni uzalishaji wa muda wa vipande 10 tu, vinavyobaki kizuizini hadi asubuhi. Kila wiki tazameni saa: ukaguzi wa oda tatu uliojazwa ndani ya dakika moja, saa 11 alfajiri, ulijazwa mezani.

La pili ni hesabu. Zinki ya mikroni 5 hadi 8 huongeza kipenyo kwa 0.010 hadi 0.016, kwa kuwa inakaa pande zote mbili. Nafasi yenu yote ni 0.013. Ukikereza ndani ya 24.987 na 25.000 kisha ukapaka, nyingi zitazidi. Kama mchoro unataka 25 h6 baada ya kupakwa, hatua ya 25 (ukaguzi wa baada ya kukereza, kama kwenye barua ya kwanza) iwe na viwango vyake: 24.977 hadi 24.984. Ni nafasi ya mikroni 7, nyembamba mno kwa mashine nyingi za kukereza. Heri kumwomba mteja aruhusu sehemu ya beringi izibwe isipate zinki, au kusaga baada ya kupaka.

Kwenye hesi, unene wa zinki huongezeka mara nne kwenye kipenyo cha katikati ya meno: mikroni 8 huwa 32. M16 ya 6g (daraja la kawaida la hesi ya nje) ina pengo la mikroni 38, kwa hiyo inatosha, ila kwa shida. Ongezeni hatua ya 55, mali inaporudi kutoka kwa mpakaji: vipande 5 vipimwe unene wa zinki, kipenyo na geji ya kupita, kabla ya kupokea mzigo kwenye programu. Na mara ya kwanza kabisa pelekeni shafti 5 tu. Zilizobaki zingoje kwenu hadi hizo zirudi na kupimwa.