Makinda Matatu ya Kwezi Yameruka Kihesa

Jumamosi asubuhi kinda la mwisho lilichungulia kwenye tundu la sanduku karibu nusu saa. Likatoa kichwa, likarudi ndani, likatoa tena, kisha likaruka mpaka kwenye mforosadi. Nililia. Mwaka wa tatu huu natundika masanduku ya viota uani kwangu hapa Kihesa, Iringa, na ndiyo mara ya kwanza makinda kutoka salama.

Mmeniandikia wengi mkitaka kujua mfanyeje ndege wazalie kwenu. Nitasema yote, hata yanayoniuma.

Mwaka wa kwanza kosa lilikuwa langu. Kwezi walikuja na mvua za mwanzo: dume mgongo wa zambarau unaong'aa na tumbo jeupe, jike wa kahawia mwenye michirizi, usingedhani ni mke wake. Jike akataga mayai matatu ya buluu iliyopauka, yenye madoadoa mekundu. Basi furaha ikanizidi. Nikawa nafunua kifuniko asubuhi, mchana na jioni. Nikaita watoto wa jirani, nikampandisha shemeji kwenye ngazi naye aone. Siku ya tano jike hakurudi. Niliyashika yale mayai yakiwa baridi kama kokoto za Ruaha Mdogo. Na kuna mtu wa nyumbani akasema, "Mtu mzima kuhangaika na ndege!" Neno hilo halijanitoka.

Mwaka wa pili walikuja siafu. Sanduku nililipigilia kwenye shina la mparachichi, mvua ikanyesha usiku kucha, na kulipokucha nikakuta mstari mweusi unapanda na kushuka. Ndani yalibaki majani na vinyoya.

Kwa hiyo mwaka huu niliachana na mti. Sanduku liko juu ya bomba la chuma, na katikati ya bomba nimepaka grisi. Mbao ni za paina kutoka Mafinga, hazikupakwa vanishi. Tundu lina kipenyo cha sentimita 5 na halitazami mvua inakotokea, sakafuni kuna vitobo vya kutolea maji, na chini ya tundu sikuweka kijiti, maana kijiti humsaidia mwizi kuliko mwenye nyumba. Kukagua ni mara moja kwa wiki tu. Nasubiri jike atoke mwenyewe, nafunua, nahesabu, nafunika, naandika kwenye daftari. Dakika moja. Jike ndiye anayeatamia, kama wiki mbili, halafu makinda hukaa ndani wiki tatu hivi. Yakishaota manyoya usifunue kabisa, yataruka kabla ya siku zake. Narudia: usifunue.

Siku za kumbikumbi ndizo tamu. Dume alikuwa akiingia na mbawa zimetokeza pande zote za mdomo, akitoka anakutana na jike mlangoni.

Watu hufunga safari hadi Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, Bustani ya Mungu, kumwona mbayuwayu wa buluu anayezalia kwenye mashimo ya ardhini miezi hii hii. Nendeni, nami nimekwenda. Lakini kilio chake na cha kwezi wa uani ni kimoja: pa kuzalia. Kwezi hatoboi mti. Anategemea tundu lililooza au lililoachwa na kigogota, na sisi kila mti mkavu tunauona kuni. Tunakata, tunachoma, kisha tunauliza ndege wamekwenda wapi! Acheni mti mmoja mkavu usimame. Na nyie wazazi, mnyang'anyeni mtoto manati, mpeni daftari na kalamu. Wangu wa darasa la nne anaandika tarehe za mayai vizuri kuliko mimi.

Masanduku yatundikwe Septemba, kabla mvua haijanukia. Ukingoja Desemba, kwezi ameshapata pa kukaa na wewe utabaki na sanduku la mijusi.