Diski ya seva haipumui

SWALI: Mhariri, salaam. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha, jirani na bandari ya Kilindini, ina seva ya Linux yenye RAM ya GB 16, diski ya kuzunguka na hifadhidata ya MySQL 8.0. Makarani wakianza kutafuta kontena asubuhi, taa ya diski haizimi na skrini zinaganda. Fundi anataka tununue SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Je, ndiyo dawa?
Msomaji, Ganjoni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, shikeni pesa zenu kwanza. SSD itapunguza maumivu, ila haitawaonyesha anayeichosha diski.

Sakinisheni sysstat, kifurushi cha zana za kupima seva, kisha saa ya msongamano mwendeshe iostat -x 2, inayoonyesha kazi ya diski kila sekunde mbili. Ripoti ya kwanza iacheni, ni wastani tangu seva iwashwe. Diski ya mizunguko 7200 humudu takribani usomaji 100 wa huku na kule kwa sekunde. Mkiona r/s (usomaji kwa sekunde) imefika hapo na r_await (muda wa kila usomaji) ni makumi ya milisekunde, kuna foleni. Mwendeshe pia vmstat 2: si na so (data inayohamishwa kati ya RAM na diski) zisiposhuka hadi sifuri, RAM imeisha, na hilo ni tatizo jingine. Kwa iotop -o, inayoorodhesha programu zinazotumia diski, mtajua kama mlaji ni mysqld (MySQL yenyewe) au ni chelezo (nakala ya akiba) ya usiku iliyochelewa kumalizika.

Ikiwa ni mysqld anayesoma, angalieni innodb_buffer_pool_size, yaani RAM ambayo MySQL hutunzia data ili isirudi diskini kila mara. Isipoguswa huwa MB 128, kichekesho kwa seva ya GB 16. Kama mashine haina kazi nyingine, ipeni GB 10:

SET PERSIST innodb_buffer_pool_size = 10737418240;

Andikeni baiti kamili. "10G" hukubaliwa kwenye faili la mipangilio, si kwenye amri ya SET. Hakuna haja ya kuzima seva.

Lakini mimi nashuku zaidi utafutaji wenyewe. Karani hupenda kuandika tarakimu za mwisho za kontena, na programu hugeuza kuwa LIKE '%4567'. Alama ya % (herufi zozote) ikitangulia, faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, haisaidii kupata rekodi. MySQL hupitia jedwali zima, kila karani na mara yake. Tangulizeni neno EXPLAIN mbele ya amri ya utafutaji: type ikiwa ALL, mmempata mkosaji. Wekeni tarakimu saba za kontena kwenye safuwima yake, zikiwa zimepinduliwa, muiwekee faharasa, kisha programu itafute '7654%'.

Ikiwa w/s (uandishi kwa sekunde) ndiyo kubwa, mtashauriwa kuweka innodb_flush_log_at_trx_commit kuwa 2, ili MySQL isisubiri kila muamala ufike diskini. Umeme ukikatika, miamala ya sekunde kama moja hupotea. Kwa hesabu za ushuru, iacheni 1.