Chunusi za kijana: mimi nilichelewa kumpeleka

Baridi ya Mbeya ilinidanganya. Juni hadi Agosti hapa kila mtu anatembea kajikunyata, na mtoto wa kidato cha tatu akivuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi hakuna anayemshangaa. Mwezi wa kumi jua likawaka, mwanangu bado kofia kichwani. Siku nafua foronya yake nikakuta vidoa vya damu na usaha, vyote upande mmoja. Ndipo nikamwita: "Hebu njoo hapa kwenye mwanga."

Chunusi nilikuwa naziona, nisiseme uongo. Nilizipuuza kwa sababu kila mtu mzima aliyepita nyumbani alisema yale yale: anabalehe huyo, akioa zitaisha. Shangazi yake alileta ndimu. Baba yake alimwambia aoge vizuri. Mtoto akawa anasugua uso kwa sabuni ya kufulia mara nne kwa siku mpaka ngozi inababuka. Baadaye dokta alitueleza kwamba uchafu hauhusiki. Mtoto akibalehe, homoni zinafanya tezi za ngozi zitoe mafuta mengi, vitundu vinaziba, bakteria ambao kila mtu anao kwenye ngozi wanazaliana humo, panavimba. Kusugua ni kuchokoza tu. Tulichokosea kweli ni mafuta ya mgando, ambayo kwa baridi hii tunapaka kama fundi anayepiga lipu.

Kosa kubwa lakini lilikuwa langu. Nilinunua tyubu ya krimu dukani, muuzaji akasema wanafunzi wengi wanaichukua. Siku tano uso ukalainika kama wa mtoto mchanga, nikajipongeza. Tulipoiacha baada ya wiki kadhaa, zikarudi kwa kishindo, vipele vidogovidogo vinavyofanana kama vimepandwa kwa mstari. Dokta aliisoma ile tyubu kabla hata hajatazama uso: betamethasoni. Hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Ina kazi yake kwa magonjwa mengine ya ngozi, ila ukiipaka usoni wiki kwa wiki inaifanya ngozi iwe nyembamba na yenyewe inaleta chunusi. Klobetasoli ni ya ukoo huohuo, kali zaidi. Kwa hiyo kama mtoto wako amekuwa akipaka krimu ya namna hiyo, au mkorogo wowote, nenda hospitali na ubebe kila kopo na kila tyubu, hata ile unayoionea aibu.

Nilidhani dokta atahesabu chunusi. Hakuhesabu. Alipitisha vidole taratibu chini ya taya, akasimama mahali, akanishika mkono. "Mama, gusa hapa." Ndani kabisa kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya haragwe, hakina mdomo, na mtoto akaruka kwa maumivu. Vinundu hivyo vya ndani ndivyo vinavyoacha mashimo, na havitakiwi kusubiri wala kutumbuliwa. Kwenye shavu mashimo mawili yalikuwa yameshaingia. Hayo hayakufutika mpaka leo.

Vile vipele vya juujuu, vyeusi na vyeupe, mnaweza kuvianza wenyewe kwa jeli ya benzoili peroksaidi kutoka famasia. Ila ipewe wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema imeshindwa. Wengi tunaitupa wiki ya pili. Ikishindwa, nendeni. Na kwa ngozi zetu usipime kwa vipele peke yake: doa jeusi linalobaki linaweza kukaa miezi mingi. Kama kwenye ukoo wenu kuna mtu ambaye kidonda kidogo tu kinaota kovu nene lililotuna, chunusi za kifuani, mabegani na kwenye taya zitibiwe mapema.

Binti mwenye chunusi sugu ambaye hedhi inaruka miezi, na ndevu zinaanza kuota, anahitaji kuchunguzwa homoni, siyo krimu. Zikilipuka ghafla baada ya kuanza dawa za kifua kikuu au kifafa, mwambie dokta, lakini dawa hizo asiziache. Chunusi zenye vidonda pamoja na homa na maumivu ya viungo, hiyo ni ya leo leo.

Si lazima uanze kwa bingwa. Anza kituo cha afya, omba rufaa. Na kwenye kliniki ya ngozi ukimkuta ofisa tabibu usimdharau. Chuo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha wengi wa kada hiyo. Wetu alipewa ile jeli pamoja na vidonge vya doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, kwa miezi mitatu: ameze na glasi nzima ya maji, asilale hapo hapo, ajikinge na jua. Wiki ya sita nilikuwa nimekata tamaa, ya tisa nikaanza kuona shavu. Hasara ilikuwa kola ya sweta la shule, jeli iliichubua rangi. Tumia foronya nyeupe na taulo kuukuu.

Kitu kimoja sikukipenda siku ile. Dokta aliniomba nitoke nje dakika kumi abaki na kijana. Mimi mama yake, nauli nimelipa mimi, natolewa nje! Nilikaa kwenye benchi nimenuna. Kumbe mtoto alikuwa ameacha kukaa mbele darasani tangu muhula wa kwanza, na mpira wa jioni alikuwa ameuacha, mimi nikijua anajisomea. Hilo nalo daktari analipima, na linatosha peke yake kumpeleka mtoto hata kama vipele ni vichache. Nilipoitwa ndani tena, kofia alikuwa ameishusha.