Jibu: Melatonini isiyoonekana kwa panya wa C57BL/6

Habari za kazi, ndugu. Umeeleza kwamba umepima homoni ya melatonini mara tatu katika damu ya panya wa ukoo wa maabara uitwao C57BL/6, katikati ya kipindi cha giza, na hukupata kitu, ilhali panya hao wanalala na kuamka kwa mpangilio wa kawaida.

Kabla ya kulaumu vitendanishi, kama nilivyofanya mimi kwa wiki kadhaa, angalia kwanza ukoo wa panya wako. C57BL/6 wana kasoro katika jeni ya AANAT, ambayo hutengeneza kimeng'enya kinachohitajika na tezi ya pineali, tezi ndogo ya ubongoni inayotoa melatonini, kwa hiyo melatonini yao ni kidogo mno. Usingizi wao haukuvurugika kwa sababu saa ya mwili imo katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo, na huendelea kufanya kazi bila homoni hiyo. Tena panya ni mnyama wa usiku: hata kwa koo zinazoitengeneza, melatonini hupanda wakati yeye yuko macho, hivyo kuiita homoni ya usingizi kwake ni kupotosha.

Ukihitaji ukoo unaoitengeneza, wengi hukimbilia C3H/HeJ, lakini hao hupoteza uwezo wa kuona wakiwa wachanga, jambo linaloharibu majaribio ya tabia yanayotegemea macho. Mimi ningechagua CBA/CaJ. Chukua damu chini ya taa nyekundu hafifu, maana mwanga mkali hushusha melatonini upesi. Kuhusu panya wa aina kubwa (rat), sijawahi kuwapima mwenyewe.