Mlonge si wa kila kisima

Nyinyi mliokuja mafunzo mwaka huu nakupendeni, lakini juzi nimekukuteni mnatwanga mbegu za mlonge, zile za kusafishia maji yenye tope, na maganda yake. Bora niandike kabla sijapiga kelele.

1. Menyeni. Kazi inafanywa na protini ya kwenye kiini: ina chaji chanya, udongo ulio majini una chaji hasi, vinashikana na kuzama.

2. Maji mliyochanganya na unga wa mbegu yatumike siku ile ile. Yakilala, mwaga.

3. Mkishayatia kwenye maji ya tope, korogeni kwa kasi dakika moja au mbili tu, kisha polepole. Kuna mtu kaiacha mashine ikikoroga kwa nguvu, kaenda kula urojo. Karudi, mabonge yote ya tope yamevunjika, anasema mbegu mbovu!

4. Angalieni maji kwanza. Hapa niliadhirika mimi. Nilipelekwa kijiji kimoja cha pwani, kusini Unguja, kwenye visima vya mwamba wa matumbawe. Watu walisema maji yao mabaya. Sikuuliza mabaya vipi. Nikapima unga wa mbegu, miligramu 100 kwa lita, nikakoroga mbele ya wazee na watoto wa skuli, huku nikihutubia. Na maji yenyewe yalikuwa maangavu, kitako cha ndoo unakiona! Ubaya wake ni chumvi, na chumvi imeyeyuka, si chembe ya kushikwa ikazama. Unga wangu haukupata tope la kushikana nalo, ukabaki unaelea, maji yakawa kama tui la pili. Bi mkubwa mwenye kisima akachota, akaonja, akatema pembeni kwa adabu. "Mwanangu, chumvi iko vilevile, na sasa yana unga." Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mita ya chumvi ilikuwa mkobani, sijaifungua.

Mlonge upelekeni Pemba wakati wa masika, kwenye mito na mabwawa yanayopokea udongo wa vilimani. Tope likiwa zito ndipo unaposhika vizuri, wala haushushi pH, yaani hauyafanyi maji kuwa na asidi, kama shabu.

5. Yakitakata hayajawa salama. Vijidudu vingi huzama na tope, si vyote, na mabaki ya mbegu ni chakula chao. Chujeni, tieni klorini au chemsheni, na msiyaweke siku nyingi.

6. Machicha msimwage kwenye sinki. Fundi bomba ameniuliza jina la anayefanya hivyo, na jina ninalo.