Maswali na majibu: Jino limepasuka, lakini mwenye kesi ni pengo

Barua za safari hii karibu zote ni za meno yanayouma bila kutoboka. Nimechagua tano.

Shikamoo daktari. Gego la chini kushoto linanichoma nikitafuna, na maji ya baridi siyagusi. Nimepiga eksirei mara mbili, naambiwa jino ni zima. Gego la mbele yake nililing'oa miaka minane iliyopita. (Mama lishe, Igoma)

Marahaba, mama. Kwanza nikuulize: linachoma unapobana au unapoachia? Wengi wakilisikiliza vizuri husema ni pale wanapoachia, na hiyo ni dalili kubwa ya ufa. Ukibana, vipande viwili vinaachana kidogo mno; ukiachia vinarudiana ghafla, majimaji ya ndani ya jino yanasukumwa, na mshipa wa fahamu unashtuka. Picha haioni kitu kwa sababu nyufa za magego mara nyingi hukimbia kutoka mbele kwenda nyuma, nayo eksirei hupigwa kutoka upande wa shavu. Ni kama kutafuta kioo safi cha dirisha huku umekikabili uso kwa uso. Mwombe daktari akupe kijiti cha plastiki ukibane pembe moja ya jino baada ya nyingine, kisha alimulike kwa taa kali. Mwanga hukatika pale ufa ulipo.

Sasa ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama salamu tu. Jino likitoka, la nyuma yake huinamia pengo polepole, na la juu hushuka kumtafuta mwenzake aliyeondoka. Miaka yote hii gego lako lililoinama limekuwa likipigwa ubavuni. Gego hubeba mzigo vizuri likiwa wima, kama wabeba magunia wa soko la Mwaloni. Mtwishe mmoja wao gunia upande mmoja uone atakavyotembea. Tabia yetu ya "ling'oe tu yaishe" naichukia, na sisi matabibu tunaichangia, maana kung'oa ni haraka na foleni nje ni ndefu.

Ufa wa jino hauungi kama mfupa wa mguu. Kama haujaenda mbali, jino huvishwa kofia ya kulifunika lote na likadumu. Ufa ukigusa kiini, mzizi husafishwa kwanza. Ukishuka mpaka mzizi ukagawanyika, hapo ni koleo. Ila kabla ya kofia, daktari akuwekee ile karatasi ya rangi, ubane na kusogeza taya kulia na kushoto, aone ni wapi panapogonga kabla ya pengine. Asipofanya hivyo, kofia nayo itapigwa vilevile.

Mke wangu anasema usiku nasaga meno kama panya kwenye gunia la mahindi. Nimekunywa dawa ya minyoo mara mbili, bado. (Dereva wa basi, Nyegezi)

Minyoo unaisingizia, kaka. Kusaga meno huendana zaidi na mawazo, usingizi wa kukatikakatika, pombe, sigara na kahawa ya jioni. Na kama mkeo anasema pia unakoroma hadi pumzi inakatika, mweleze daktari hilo kwanza.

Kwa kawaida meno ya juu na ya chini hugusana kwa dakika chache tu kwa siku nzima, wakati wa kutafuna na kumeza. Wewe unaongeza zamu ya usiku, tena kwa nguvu ambayo ukiwa macho usingethubutu. Simama mbele ya kioo: kama chonge zimepoteza ncha na vichwa vya magego vimekuwa bapa, kazi imeshaanza. Tengenezewa kinga ngumu ya usiku kwa kipimo cha kinywa chako mwenyewe. Zile laini za mabondia wengine huishia kuzitafuna kama bigijii. Kinga haikuachishi kusaga, ila inaliwa yenyewe badala ya meno. Na ukiwa kwenye usukani, jizoeze kufunga midomo huku meno yameachana.

Tangu utoto nakata uzi wa nyavu kwa meno. Jino la mbele sasa lina mistari myembamba kama nywele. Ni hatari? (Mvuvi, Ukerewe)

Mistari isiyouma, ambayo ukucha haukwami ukipitisha, iko kwenye enameli tu, yaani tabaka gumu la nje la jino, na watu wazima wengi wanayo. Ila uzi wa nailoni acha kuukata kwa meno. Kisu kimo mtumbwini. Na soda unafungulia nini? Usinijibu.

Binti yangu ana miaka 8. Jino moja la mbele la juu limeota nyuma ya la chini. Bibi yake anasema tusubiri meno ya utoto yaishe. (Mama, Misungwi)

Bibi nisingependa kumpinga, lakini hapa sina budi. Meno ya utoto huisha kwenye miaka 11 au 12, na muda wote huo, kila akifunga mdomo, la chini linasukumwa nje, kisha ufizi wake unashuka, huku ncha ya la juu ikisagika na kumeguka. Kwa umri wake, jino moja namna hiyo mara nyingi hurudishwa kwa kifaa kidogo cha kuvaa na kuvua, kwa miezi michache. Anzia kliniki ya meno ya hospitali ya Bugando, na ulizia gharama kabla hawajachukua kipimo.

Eti dagaa wenye mchanga wanapasua meno? (Mwanafunzi, Mkolani)

Jino zima, ni nadra. Lenye kiraka kikubwa, au ambalo tayari lina ufa, punje moja inatosha: unatafuna kitu laini bila tahadhari, mara kaa! Dagaa walioanikwa chini ufukweni, hata uwaoshe mara tatu, mchanga hauishi. Wa kwenye chanja bei yao iko juu kidogo. Nunua hao.